Beatles na Rolling Stones: Mizani ya Mkopaji

Ubishi kuhusu makundi mawili ya muziki wa roki kutoka Uingereza, Beatles na Rolling Stones, umedumu kwa zaidi ya miaka sitini sasa, na yaelekea utaendelea hata baada ya wahusika wote kufariki. Aghalabu ubishi huu huendeshwa kama ushabiki wa kandanda: huyu ana mabao mangapi, yule ametwaa vikombe vingapi. Wanafunzi wangu wa isimu, ambao wengi wao walizaliwa baada ya mwaka 2000, huniuliza swali hilohilo wakitarajia nimtaje mshindi mmoja na kumfunga mdomo mwenzake. Swali lenyewe si baya. Kibaya ni mizani inayotumiwa. Idadi ya santuri zilizouzwa hutueleza habari za soko. Haitwambii lolote kuhusu athari, yaani kile ambacho watu wengine walikichukua kutoka kwa msanii fulani wakaendelea nacho baada yake.

Ningependa basi kulipima suala hili kwa mizani ya taaluma yangu, kwa sababu makundi yote mawili yalianza kwa tendo ambalo wanaisimu tunalifahamu vyema. Tendo hilo ni ukopaji.

Beatles walikuwa vijana wa Liverpool, mji wa bandari, na Rolling Stones walikusanyika London na viunga vyake. Wote walijifunza muziki kutoka kwa Wamarekani weusi. Beatles waliwaiga Chuck Berry na Little Richard. Rolling Stones, waliofanya onyesho lao la kwanza mwezi Julai mwaka 1962, walichukua hata jina lao kutoka kwa wimbo wa Muddy Waters, bingwa wa muziki wa bluzi aliyezaliwa Mississippi na kuhamia Chicago. Mick Jagger na Keith Richards walipokutana katika kituo cha gari moshi cha Dartford mwaka 1961, kilichowaunganisha ni santuri za Chuck Berry na Muddy Waters alizokuwa amezibeba Jagger. Santuri ya kwanza ya Rolling Stones, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa na wimbo wa huyohuyo Berry. Ya pili ilikuwa na wimbo waliotungiwa na John Lennon na Paul McCartney wa Beatles, jambo ambalo mashabiki wanaochochea uhasama baina ya makundi haya hupenda kulisahau.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Tazama neno la Kiswahili "kitabu". Tulilitwaa kutoka Kiarabu, ambako sauti ki- ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe, wala si kiambishi. Waswahili walilitia katika ngeli yao, wakasema "vitabu", na leo hakuna mtoto anayedhani kwamba anaposema "vitabu" anatumia neno la kigeni. Neno hilo limemezwa na sarufi. Kwa upande mwingine, wapo wasemaji wa Kiswahili wanaoendelea kutamka "khabari" na "khatari" kwa kh ya Kiarabu, kwa kuwa wanataka isikike kwamba wanajua neno lilikotoka. Wote ni wakopaji, ila mmoja ameumeza mkopo wake na mwingine anautembeza hadharani.

Beatles walimeza. Katika albamu yao ya kwanza, ambayo sehemu kubwa yake ilirekodiwa kwa siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963, mlikuwa na nyimbo 14, nane zikiwa zao wenyewe na sita za kukopa. Mwaka uliofuata walitoa albamu ambayo kila wimbo ulikuwa umetungwa na Lennon na McCartney. Kufikia miaka ya 1966 na 1967 walikuwa wakitumia ala za nyuzi za muziki wa kasri, sitari ya Kihindi, na kanda za sauti zilizokatwa na kuunganishwa upya studioni chini ya uangalizi wa mtayarishaji wao, George Martin. Ukisikiliza kazi hizo huwezi tena kunyoosha kidole na kusema, hii ni Chicago, hii ni New Orleans. Chuck Berry bado yumo, lakini yumo jinsi Kiarabu kilivyomo katika "vitabu".

Jambo hili halitegemei sikio langu peke yake. Mwanaisimujamii wa Kiingereza, Peter Trudgill, alichapisha mwaka 1983 uchunguzi maarufu kuhusu matamshi ya waimbaji wa Uingereza. Miongoni mwa mambo mengine, alichunguza ni mara ngapi Beatles walitamka sauti r mwishoni mwa silabi, jinsi wafanyavyo Wamarekani wengi, ilhali wao kama watu wa Liverpool hawakuwa na r hiyo katika usemi wao wa kila siku. Alibaini kwamba katika nyimbo zao za mwanzo r hiyo ilijitokeza mara nyingi, lakini ikaendelea kupungua mwaka baada ya mwaka hadi ikakaribia kutoweka kabisa mwishoni mwa muongo. Ufafanuzi wake ni mwepesi kueleweka: mwimbaji huiga lafudhi ya yule anayemwona kuwa mwenye mali. Waingereza walipoanza kujiona kuwa nao ni wenye mali, haja ya kuiga ilipungua.

Jagger hakupita njia hiyo. Msikilize mwaka 1964, msikilize mwaka 1972, kisha msikilize katika albamu ya mwaka 2016 ambayo Rolling Stones waliijaza nyimbo kongwe za bluzi tupu. Kusini mwa Marekani bado kunasikika ulimini mwake, wakati mwingine kwa mkazo unaokaribia mzaha.

Je, ni yupi basi aliyeacha athari ya kudumu zaidi? Kwa maoni yangu ni Beatles, na sababu ni ileile inayowafanya vijana wa leo wasiisikie. Kabla yao, ilikuwa desturi mwimbaji kupewa nyimbo na watunzi waliokaa ofisini. Bendi inayotunga nyimbo zake yenyewe ilikuwa nadra. Leo bendi isiyotunga huonekana pungufu. Kabla yao, albamu aghalabu ilikuwa kapu la kutilia nyimbo mbili tatu zilizovuma pamoja na za kujazia nafasi, na studio ilikuwa mahali pa kunasia kile ambacho kingeweza kupigwa jukwaani. Beatles waliacha kabisa ziara za maonyesho baada ya tamasha la San Francisco la tarehe 29 Agosti 1966, wakajifungia studioni kutengeneza sauti ambazo watu wanne wasingeweza kuzitoa mbele ya hadhira. Kijana wa leo anayetunga wimbo peke yake chumbani kwa kompyuta, akitia tabaka moja la sauti juu ya jingine, yumo ndani ya nyumba hiyo, iwe amewahi kuwasikia Beatles au hajawahi. Hashukuru, kwani hajui kwamba kuna wa kushukuriwa. Mizizi haionekani, nasi hatuwezi kumlaumu.

Hata Rolling Stones wenyewe wamo humo. Meneja wao wa wakati huo, Andrew Loog Oldham, aliwashurutisha Jagger na Richards kutunga nyimbo baada ya kuona faida waliyokuwa wakiipata Lennon na McCartney. Bila mfano huo pengine wangebaki wanafunzi hodari wa bluzi.

Athari ya Rolling Stones ni ya namna nyingine, na yaonekana waziwazi. Kwanza, ni wao waliouonyesha ulimwengu kwamba bendi ya roki yaweza kuwa kazi ya maisha. Beatles walirekodi pamoja kwa takriban miaka minane, wakatengana mwaka 1970. Rolling Stones waliendelea baada ya kifo cha Brian Jones mwaka 1969, na wakaendelea baada ya mpigaji ngoma wao, Charlie Watts, kufariki mwaka 2021. Tamasha lao la ufukweni Rio de Janeiro mwaka 2006 lilihudhuriwa na watu zaidi ya milioni moja. Ziara kubwa za viwanja vya michezo, zenye majukwaa mithili ya majengo, zina alama zao kila mahali. Kweli, Beatles ndio waliotangulia kujaza uwanja wa Shea, New York, mwaka 1965, kukiwa na mashabiki wapatao 55,000, lakini vipaza sauti vya wakati ule havikuweza kushindana na mayowe, na muziki wenyewe haukusikika.

Pili, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi, Rolling Stones waliwarudisha wasikilizaji kwenye chemchemi. Mwezi Mei mwaka 1965 walialikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Shindig, nao wakataka mwanamuziki mweusi Howlin' Wolf aimbe katika kipindi hichohicho. Akaimba, nao wakaketi chini karibu na miguu yake wakimtazama. Vijana weupe wengi wa Marekani walimwona siku hiyo kwa mara ya kwanza mtu ambaye alikuwa akiishi Chicago, katika nchi yao wenyewe. Ilibidi Waingereza wavuke bahari kuwaonyesha jirani yao!

Hata hivyo, sifa hii ina doa, na mwalimu yeyote anayesahihisha insha atalitambua mara moja. Kumtaja mtu kwa heshima mdomoni si sawa na kuliandika jina lake pale panapolipiwa. Katika albamu yao ya mwaka 1969, Rolling Stones waliimba wimbo wa Robert Johnson, mpigaji gitaa wa Mississippi aliyefariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27, lakini jina la Johnson halikuandikwa kama mtunzi katika matoleo ya mwanzo. Mzozo kuhusu haki za utunzi wake ulifika mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Marekani ikakataa hoja kwamba nyimbo zake zilikuwa mali isiyo na mwenyewe. Beatles nao hawakuwa watakatifu. George Harrison alipatikana na hatia mwaka 1976 ya kunakili wimbo wa watu pasipo kukusudia, katika kazi aliyoitoa baada ya kundi kuvunjika.

Mwanafunzi anaponinakili bila kunitaja, humwita ofisini. Anaponitaja kwa mbwembwe katika utangulizi kisha akanakili kurasa kumi bila alama za kunukuu, huyo nimwiteje?

Msimu wa vuli wa mwaka 2023 makundi yote mawili yalitoa kazi mpya kwa kupishana wiki mbili tu. Rolling Stones walitoa albamu mwezi Oktoba, na katika wimbo mmoja gitaa la besi limepigwa na McCartney. Mwezi Novemba ukatoka wimbo uitwao wa mwisho wa Beatles, ambamo sauti ya Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, ilichujwa kwa kompyuta kutoka kanda ya zamani aliyojirekodia nyumbani. Hata katika uzee wao kila mmoja alibaki na tabia yake: hawa bado wanapiga ala pamoja chumbani, wale bado wanaiuliza mashine inaweza kufanya nini.

Lakini kuhusu mkopo, kisa ninachowasimulia wanafunzi ni kingine. Mwaka 1997 kundi la Kiingereza liitwalo The Verve lilitoa wimbo uliovuma sana, "Bitter Sweet Symphony", likiwa limetumia kipande cha santuri ya okestra ya Oldham, ambayo nayo ilikuwa imepiga upya wimbo wa Rolling Stones wa mwaka 1965. Mgogoro ukazuka, na utunzi wa wimbo wa The Verve ukaandikwa kwa majina ya Jagger na Richards. Kwa zaidi ya miaka ishirini mapato ya utunzi hayakumwendea Richard Ashcroft aliyeyaandika maneno yake, hadi mwaka 2019 Jagger na Richards walipokubali kumrudishia. Na ule wimbo wao wa mwaka 1965 ulitoka wapi? Uliegemea wimbo wa injili walioimba Staple Singers, familia ya watu weusi wa Chicago, katika miaka ya 1950. Nao Staple Singers walikuwa wameupokea kutoka makanisani, ambako hakuna aliyewahi kuuandikisha kwa jina lake.