Kausheni Mboga Kivulini

Mvua za Dodoma na Singida hukatika Aprili au Mei, na kutoka hapo ni ukavu mtupu hadi karibu na Desemba. Bustani ya nyuma ya nyumba sasa imejaa majani ya kunde, maboga na mlenda kuliko familia inavyoweza kula, na kwa miezi kadhaa ijayo haitatoa kitu. Bibi zetu walilijua hilo zamani: walichuma, wakakausha, wakahifadhi. Wagogo wana mlenda wao, Wasukuma wana michembe ya viazi vitamu. Ninacholalamikia ni pale penye kuanikia. Juu ya bati au kando ya barabara, jua kali huunguza vitamini A, na vumbi la malori humalizia kazi. Chovyeni majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, yachujeni, yatandazeni kivulini penye upepo, juu ya chekeche iliyoinuliwa, mpaka yavunjike mkononi. Yakibaki na unyevu yataota ukungu.