Wimbo wa Meza ya Mviringo

Kila ifikapo tarehe 30 Juni husikika redioni wimbo mmoja wa zamani wenye mwendo wa cha-cha-cha, nao wazee wa hapa Kalengera huuitikia kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Jina lake ni «Indépendance Cha Cha». Mwanafunzi mmoja alitujia na swali: wimbo huu wawataja viongozi wengi kwa majina, mbona hayumo hata mmoja wa Kivu? Swali hili ni la haki, nasi twataka kulijibu. Lakini kwanza yatupasa kueleza wimbo wenyewe ulizaliwa wapi.

Haukuzaliwa Kongo. Ulizaliwa Brussels, katika baridi ya Januari 1960. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa imewaita viongozi wa Kongo kwenye mkutano ulioitwa Meza ya Mviringo, ukafunguliwa tarehe 20 ya mwezi ule. Thomas Kanza, mmoja wa wasomi wetu wa kwanza wa chuo kikuu, aliona haifai wajumbe wakae ugenini majuma mazima bila muziki wa kwao. Ndipo akaalikwa Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz, ya mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alikuwa wa ukoo wa Joseph Malula, yule aliyekuja kuwa Kardinali.

Pamoja naye walikwenda ndugu wawili wapiga gita, Nico Kasanda na kaka yake Dechaud. Tena wakaongezwa watu wa OK Jazz, akiwamo mwimbaji Vicky Longomba. Hebu fikirini: bendi mbili zilizoshindana kila juma katika baa za Léopoldville zilitoa watu wakapiga pamoja. Yaliyokuwa magumu kwa wanasiasa, wapiga muziki waliyaanza wao.

Mkutano ulipofunguliwa, Patrice Lumumba alikuwa kifungoni. Wajumbe wengine, hata wale waliokuwa wapinzani wake, walidai aachiliwe. Akatolewa katika gereza la Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akafika Brussels tarehe 26 Januari. Kesho yake siku ya uhuru ikatajwa: 30 Juni 1960. Katika furaha ya siku zile Kabasele alitunga wimbo wake, wakaupiga mbele ya wajumbe, kisha ukatiwa katika sahani ya santuri. Waimbwa hasa kwa Kilingala, na uhuru watajwa humo kwa Kikongo pia, ili Mkongo asijione mgeni.

Ufundi wa wimbo huu, kwa maoni yetu, ni kwamba haumsifu mmoja kuliko mwenzake. Bolikango, Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, Kamitatu: wote wamepangwa safu moja kama watoto wanaoitwa majina darasani. Vyama navyo vimetajwa, na katikati yake Kabasele akaichomeka African Jazz, kana kwamba nayo ilikuwa na mjumbe mezani! Tena yumo Mzee Daniel Kanza, babaye Thomas. Aliyekula vizuri kwa mwenyeji humkumbuka mzee wa nyumba, hatumlaumu.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Kivu ilikuwa na mtu mezani: Anicet Kashamura wa chama cha CEREA. Jina lake halimo, wala la chama chake. Sisi hatuoni hila. Wimbo uliotungwa upesi hotelini hutaja majina yaliyo karibu na sikio, na masikio ya wanamuziki wale yalizoea Léopoldville. Hata hivyo inauma kidogo, nasi hatutaficha. Katika serikali ya Lumumba, Kashamura huyo huyo ndiye aliyepewa wizara ya habari. Basi redio ya taifa, iliyoupeleka wimbo mbali, ikawa chini ya mtu ambaye wimbo ulimwacha nje.

Na ulifika mbali kweli. Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru mwaka ule, nao ukachezwa hata kwa watu wasiojua neno moja la Kilingala.

Lakini safu ile ya majina haikudumu. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya sherehe, Tshombe aliitenga Katanga. Mwezi wa Agosti Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Septemba Kasavubu akamwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, kabla wimbo haujatimiza mwaka. Tshombe na Kasavubu walikufa wote wawili mwaka 1969, mmoja akizuiliwa Algeria, mwingine akiwa amepinduliwa na Mobutu. Kabasele mwenyewe alifariki mwaka 1983.

Mwaka 2010, uhuru ulipotimiza miaka 50, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliutwaa wimbo ule akautungia maneno mapya ya kuuliza uhuru ulituletea nini. Jina alilolipa ni la Kifaransa na Kiswahili. Sehemu ya Kiswahili yasema «Siku ya Baadaye».