Namba Tisa Akiondoka

Msimu wa 2022/23, Fiston Mayele wa Yanga alipofunga, vibanda umiza vya Tunduma vilitetema naye. Tingo aliyeacha lori kwenye foleni ya Mpemba alitetema akiwa mlangoni, kiingilio hana. Mayele alimaliza ligi na mabao 17 na kuongoza kwa mabao Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha akauzwa Pyramids ya Misri, na swali likawa moja mji mzima: sasa nani atafunga?

Yanga walianza kwa kutafuta namba tisa mwingine. Hafiz Konkoni aliyetoka Ghana hakufika mbali. Dirisha dogo likamleta Joseph Guede. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa umeshahamia kwingine. Aziz Ki, kiungo, alimaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa mabao 21. Tarehe 24 Februari 2024, CR Belouizdad ya Algeria ilipokufa 4–0 kwa Mkapa katika Ligi ya Mabingwa Afrika, kila bao lilikuwa na mwenyewe: Mudathir Yahya, Aziz Ki, Kennedy Musonda, Guede. Musonda tulimshangilia kwa namna yetu, maana alitokea Power Dynamos ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka wetu.

Kwangu mimi, upana wa safu ya ushambuliaji ndio huo. Klabu yaweza kusajili washambuliaji watano wanaosubiri krosi ileile na bado ikawa na njia moja tu ya kufunga. Beki akiifunga hiyo, kazi imekwisha.

Mabao ya kugawana nayo yana bei yake. Katika robo fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns zilipigwa dakika 180 bila bao kuhesabiwa, Yanga wakatolewa kwa penalti. Shuti la Aziz Ki kule Pretoria, lililogonga mwamba na kudunda langoni bila kukubaliwa, bado linaniuma. Hata hivyo usiku kama ule humtaka mtu wa kumalizia nusu nafasi, na mtu huyo alikuwa Misri.

Nalileta hili nyumbani kwa sababu timu zetu za mkoa wa Songwe zinaumia zaidi. Yanga wana fedha za kukosea usajili wa Julai na kurekebisha Januari. Timu ya Tunduma au Vwawa haina. Straika wake akiitwa na timu ya Mbeya, au akipata kibarua Nakonde, mabao yote yanaondoka naye, kwa kuwa mazoezi yalimjenga yeye peke yake. Nimekaa pembeni ya uwanja jioni nzima nikitazama mawinga wakimpigia krosi kijana mmoja, nao wasipige shuti hata moja. Mwalimu angewabadilishia nafasi hata nusu saa kila jioni, winga apige, kiungo aingie boksi. Usajili huo hauhitaji fedha, na unaweza kuanza kesho.