Majina Yaliyoachwa Nje ya Shajara

Jamaa zangu mlioko Maskati, London na hapa Toronto,

Kila ifikapo tarehe 12 Januari, simu za ukoo wetu hujaa picha za marehemu wetu wa 1964. Ni haki yao, nami huitikia amina. Lakini katika mji huu huu wamo Wazanzibari ambao kwao siku hiyo ni sikukuu ya ukombozi. Watoto wetu husoma pamoja na wao, wala hawajui kwa nini wazee hawaalikani arusini.

Kule nyumbani viongozi wamejaribu. Mwafaka wa 1999 haukuzuia watu kupigwa risasi Januari 2001, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu. Julai 2010 wananchi wakaridhia kwa kura serikali ya umoja wa kitaifa. Ilivunjika baada ya kufutwa uchaguzi wa 2015, ikarejea Desemba 2020. Maridhiano yale yaligawa vyeo. Masimulizi ya majumbani hayakuguswa, nayo ndiyo tuliyosafiri nayo.

Najua baadhi yenu mtaudhika, lakini shajara yetu ina mapengo tuliyoyataka wenyewe. Marehemu bibi alinihadithia mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba siku za mapinduzi alifichwa Ng'ambo, uvunguni mwa kitanda cha hamali wa bandarini mwenye asili ya Bara. Siku tisa alilishwa humo. Katika karatasi zetu zote hatajwi mtu huyo. Tumewaandika wauaji tu.

Hatajwi pia mama yake babu, aliyekuwa suria. Amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje hadi 1909. Sisi tumewaacha nje hadi leo, kisha twashangaa jirani akituona tunalia msiba nusu.

Mjukuu wa yule hamali nimempata: anakaa Scarborough, vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Amenipa jina la babu yake na idhini ya kuliandika. Ami yangu amekataa katakata, nami nitaliandika.

Lililobaki ni la suria. Mwenye nakala ya hati ya wakfu wa babu, tafadhali anitumie kabla ya Shaabani. Huenda ametajwa humo.