Msalaba Ambao Mwandishi Hakuuandika



Mara nyingi tunasikia katika makundi yetu neno hili: «Sinema nimekwisha kuiona, kitabu cha nini tena?» Tunapenda kulijibu kwa mfano mmoja: kitabu Silence cha Shusaku Endo, Mkatoliki wa Japani, kilichotoka mwaka 1966, na filamu ya jina hilo hilo ambayo Martin Scorsese aliitoa mwaka 2016. Tumeuchagua kwa makusudi, kwa kuwa filamu hiyo si mbovu. Scorsese alikaa na kitabu hicho zaidi ya miaka 25 kabla ya kuitengeneza, naye anakifuata karibu hatua kwa hatua.

Habari yenyewe ni ya karne ya 17. Padri Rodrigues, Myezuiti kijana wa Ureno, anaingia Japani kwa siri wakati wa mateso, akimtafuta mwalimu wake Padri Ferreira, ambaye inasemekana ameikana imani. Anakamatwa. Wakuu hawamtesi mwilini. Wanawatundika wakristu maskini kichwa chini shimoni, na kumwambia kwamba watafunguliwa atakapoikanyaga picha ya Bwana Yezu. Mwishowe anaikanyaga.

Kuna mahali filamu inakishinda kitabu. Mwandishi anaweza tu kutuambia kwamba Mungu yu kimya; Scorsese anatufanya tuusikie ukimya huo. Muziki karibu haupo, ila sauti za wadudu, upepo, na mawimbi yanayowafunika wakristu waliofungwa kwenye miti baharini.

Lakini Kichijiro je? Huyu ndiye anayemwuza padri, kisha anarudi kuungama, tena na tena. Katika filamu tunauona uso wake na machozi yake, na huruma inatujia bila taabu. Katika kitabu tunamwona hasa kwa macho ya Rodrigues, naye anamwona mchafu, mlevi, mwoga. Ukurasa baada ya ukurasa tunamdharau pamoja na padri, mpaka siku padri mwenyewe anapoanguka, nasi tunabaki na dharau yetu mikononi, hatujui pa kuiweka. Aibu hiyo filamu haitupatii.

Tofauti kubwa zaidi iko mwishoni. Endo anatuonyesha kwamba moyo wa Rodrigues bado unampenda Bwana. Kisha mlango unafungwa, na miaka iliyobaki tunaijua kwa maandishi ya maofisa tu: amepewa jina la Kijapani na mke, yuko chini ya ulinzi, anaandika tena kwamba ameikana imani, anakufa, anazikwa kwa desturi ya Kibuda. Lugha ni kavu kama daftari la ofisi. Scorsese, kwa upande wake, anaiingiza kamera ndani ya jeneza linaloteketea na kutuonyesha msalaba mdogo katika kiganja cha marehemu. Msalaba huo Endo hakuuandika.

Tunaelewa kwa nini uliwekwa: sinema huishi kwa kinachoonekana. Hata hivyo, kwa maoni yetu, umetuondolea kitu. Mtazamaji anaondoka amefarijika: kumbe alibaki mwaminifu! Msomaji anaachwa pale tunapoishi sisi sote. Tunamfahamu aliyeacha kuja misani, aliyehamia kwingine, aliyetamka mbele ya bunduki neno asilolitaka. Juu yao tuna yale ya daftari tu, na hakuna kamera itakayotufungulia viganja vyao. Je, tunaweza kunyamaza juu yao kama Endo alivyonyamaza, au tunadai kwanza kuuona msalaba?

Kundi litakaloionyesha filamu hii katika ukumbi wa parokia, tunaliomba lisimamishe picha kabla ya jeneza kuwashwa moto. Mmoja asome kwa sauti kurasa za mwisho za kitabu (tafsiri ya Kifaransa ipo), kisha watu wabishane kwa nafasi. Dakika zilizobaki zionyeshwe baadaye, kwa yule atakayeona bado anazihitaji.