Picha ya jamaa isivutwe ili tu kujaza kioo cha kompyuta

GOMA – Kompyuta nyingi za siku hizi zina kioo kipana, lakini picha nyingi za jamaa hazina upana huo. Mtu anataka kuweka picha ya marehemu mama yake iwe ya kwanza kuonekana akiwasha kompyuta. Akiiweka, anaona mama mwenye mashavu mapana ambayo hakuwa nayo.

Kwa mwenye picha mia, hilo ni jambo la kucheka. Lakini kuna jamaa zilizokimbia vita Masisi na Rutshuru bila mzigo, na zingine ambazo nyumba zao zilifunikwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002 au 2021. Kwao picha moja inaweza kuwa ndiyo yote iliyobaki. Haifai iharibiwe sura kwa ajili ya kujaza kioo.

Vioo vya zamani vilikuwa na kipimo cha 4 kwa 3. Vioo vipana vingi ni 16 kwa 9, kwa mfano nukta 1920 kwa 1080. Picha ya 4 kwa 3 ikivutwa ijaze kioo hicho, kila uso unaongezeka upana kwa theluthi moja, na urefu unabaki uleule.

Kwenye kompyuta za Windows zenye lugha ya Kifaransa, mtu anapata njia tatu za kuangalia vizuri. Étirer inavuta picha. Remplir haivuti, lakini inakata: picha ya 4 kwa 3 inapoteza robo ya urefu wake, na ile iliyopigwa simu ikiwa imesimama inapoteza zaidi ya nusu. Hapo waliosimama nyuma wanakatwa vichwa, na watoto walioketi mbele hawaonekani tena. Ajuster inaonyesha picha nzima na kuacha nafasi tupu kando.

Wako wanaosema nafasi hizo tupu ni mbaya, eti kompyuta inaonekana kama imeharibika. Kwa picha ya Ziwa Kivu wana haki: Remplir inatosha, hakuna atakayelilia kipande cha mawingu. Lakini kwa picha ya watu, Ajuster ndiyo ya kuchagua, pamoja na rangi moja tulivu kandokando.

Njia hizo tatu hazigusi picha yenyewe. Zinabadilisha tu namna inavyoonekana. Hatari kubwa ni pale mtu anapoikata au kuivuta kwa programu, kisha anaihifadhi kwa jina lilelile. Ile ya kwanza imepotea. Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote, inafaa kutoa nakala: moja kwenye flashi, nyingine kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama dokima, kwani picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa ubora, na kwenye kioo kikubwa inatoka na ukungu.

Wenye studio za picha nao wana wajibu. Kabla ya kukata, wamuulize mwenye picha ni nani asiyepaswa kutoka, na wamrudishie ile ya kwanza bila kuiguza. Hiyo kazi ni ya dakika chache. Jamaa iliyopoteza picha yake ya mwisho haina mahali pa kwenda kupiga nyingine.