Pesa ya Rangi Ianzie Chini ya Gari

Wasee, tuongee ukweli. Hii fasheni ya kupaka kila Prado na Jimny nyeusi isiyong'aa, ile ya mati, iko fiti kwa picha. Porini ni hasara tupu.

Ukipita Magadi miiba ikuchore, mkwaruzo mdogo kwa rangi inayong'aa unatoka na polishi na maisha yanaendelea. Sugua mati hivyo hivyo, pale mahali panaanza kung'aa peke yake kama kiraka. Mara nyingi dawa ni kupuliza paneli nzima upya. Ni nani ana hiyo pesa kila safari?

Na gari halifi juu, linaliwa kutoka chini. Hewa ya chumvi kule Pwani, magadi, matope yamekwama kwa chasisi: hapo ndipo kutu hujenga. Kwa hivyo fundi aanze na kukwangua kutu mpaka chuma kionekane, apige praima ya epoksi, ndio raba ifuate. Raba juu ya kutu inafungia unyevu ndani, na chuma kinaoza ukidhani kiko salama. Ndani ya chasisi, apulize nta ya kuzuia kutu.

Bajeti ikiwa ndogo, wacha rangi ya kiwandani juu, maliza doo chini. Ukibadilisha rangi, rekodi ya NTSA nayo ibadilishwe.

Najua hakuna mtu atakupea laiki kwa sababu ya chasisi. Lakini siku ya kuuza, mnunuzi mjanja atalala chini kwanza.